Bushi za Nyuma

Gari lilikuwa la marehemu baba yao, na marehemu hakusema limwendee nani. Basi watoto wake wawili wakawa wanalitumia kwa zamu. Mwanzo wa wiki lilikuwa kwa dada mkubwa, mkunga, aliyezunguka nalo kwenye zahanati za nje ya mji. Mwisho wa wiki lilihamia kwa mdogo wake wa kiume, karani wa idara ya maji, ambaye tangu ujana wake watu walimwita Mjuzi, kwa kuwa halikuwahi kuzuka jambo akakosa la kulisemea. Mjuzi mwenyewe alipenda kutembea kwa miguu. Aliyeshika usukani zamu yao ikifika alikuwa mke wake, mwokaji mikate, ambaye alipakia masanduku ya mikate nyuma na kuyasambaza madukani kabla jua halijapanda.

Gari lilipoanza kugonga nyuma, ko, ko, ko, kila tairi likipita kwenye shimo, wanawake hao wawili hawakuulizana sababu. Kila mmoja alikwisha kuijua.

"Wifi anapakia mjamzito, mama wa mjamzito, shangazi wa mjamzito na beseni la nguo," Mwokaji alimwambia mumewe. "Gari si meli."

Naye Mkunga, alipokuja kuchukua ufunguo, alipima kwa macho yale masanduku yaliyopangwa ukutani. "Watu hudhani mkate ni pamba," akasema. "Panga mia uone."

Kilichowatia shaka zaidi ni kwamba bushi za nyuma zilikuwa zimebadilishwa mwaka uliopita tu. Mjuzi ndiye aliyelipeleka gari kwa fundi. Alirudi jioni mikono imejaa grisi, akaeleza mezani kwa mama yao, huku akichora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza, jinsi ekseli ya nyuma inavyoshikwa na mwili wa gari kwa pete mbili nene za mpira, ndizo bushi, moja kila upande, na jinsi mpira ukichoka ekseli inavyocheza na mkia wa gari kushika njia yake wenyewe. Aliieleza vizuri mno hata mama yao akasema huyu angesomea uhandisi. Bushi mpya, alisema Mjuzi, ukishazifunga unazisahau.

Sasa mwaka mmoja tu, na zinagonga. Lazima kuna mtu anayeliua gari.

Tena kulikuwa na ule mkasa wa mvua. Mkunga alikuwa akirudi na mzazi na kichanga chake kwenye kiti cha nyuma, akakata kona ya mteremko, mkia wa gari ukamtoka, wakaishia mtaroni wameinama upande. Hakuna aliyeumia. Lakini Mjuzi alipofika pale, mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika, alitikisa kichwa na kusema, "Dada, nilikwambia. Gari linataka akili, si haraka. Ungebaki na baiskeli tu." Watu wakacheka. Tangu siku hiyo Mkunga aliendesha akiwa ameung'ang'ania usukani kama mtu aliyeshika kamba kisimani, na Mwokaji, Mungu amsamehe, alikuwa miongoni mwa wanaosema kwamba wifi yake hajui kuendesha.

Jumapili moja Mkunga alikuja mapema kuchukua gari, akalizungusha mtaa mmoja, akalirudisha na kulizima uani kwa Mjuzi, akabaki amesimama.

"Tulipeleke kwa fundi," Mwokaji akasema.

"Fundi yupi? Wako?"

"Na wako je? Utamwambia aseme mikate."

Walitazamana. Hakuna aliyemwamini mwenzake, na wote wawili hawakuwaamini mafundi. Ndipo Mwokaji akasema, nusu kwa hasira, kwamba mashine yake ya kukandia unga ameifungua na kuifunga mwenyewe mara nyingi, na ndani yake mna bushi pia, na kama ni kuona nani kaharibu, basi waifungue hiyo ekseli hapahapa uani, wote wawili macho wazi.

"Haya," Mkunga akasema. "Macho wazi."

Walikwenda pamoja dukani kununua bushi, kwa sababu kwenda mmoja kungeleta maneno. Muuza vipuri, ambaye Jumapili hufungua asubuhi tu, alikuwa akifunga milango. Aliwatupia mbili kwenye mfuko na kuvuta komeo. Waliporudi, Mjuzi alikuwa mlangoni amevaa shati la kutokea.

"Mnataka kufungua ekseli?" Alicheka, lakini kicheko kilikatika kabla hakijafika popote. "Ekseli si ya kuchezea, jamani. Ngojeni, wiki hii nitampelekea yule jamaa."

"Wewe tuachie koleo na spana zako," mkewe akasema.

"Nawaambia mtajiumiza bure."

"Kwani unaogopa nini?"

"Niogope nini mimi?" Akaaga kwamba anakwenda kumwona rafiki yake mgonjwa. Mwokaji alimtazama mpaka alipokata kona. Rafiki huyo mgonjwa alikuwa hajamsikia hata siku moja.

Wakaanza. Waliweka matofali mbele na nyuma ya matairi ya mbele, wakapandisha nyuma ya gari kwa jeki, wakaliegemeza juu ya stendi mbili za chuma walizoazima kwa jirani, kisha Mkunga akalisukuma kwa bega kuona kama linatikisika. Halikutikisika. Akalisukuma tena.

"Huliamini hata gari," Mwokaji akasema.

"Chini ya gari anaingia mtu mwenye mama yake. Naliamini nikishalisukuma."

Matairi yakatoka. Mwokaji akalala chali juu ya gunia la unga, akaingiza kichwa na tochi. Bushi ya kushoto aliiona mara moja: mpira ulikuwa umepasuka kuzunguka karibu wote, umekauka, umejaa nyufa kama kisigino kisichopakwa mafuta. Akaipenyeza bisibisi, chuma cha katikati kikaenda na kurudi bila kushikwa na chochote.

"Njoo uone," akaita. Mkunga akalala karibu yake. Wakabaki bega kwa bega chini ya gari, kila mmoja akingoja mwenzake aseme "si nilisema."

Simu ya Mwokaji ikalia. Mjuzi.

"Mmefika wapi?"

"Tumetoa matairi."

"Mmeshafungua bolti?"

"Bado. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Kama ni ngumu ziacheni."

Akakata. Mwokaji akaitazama simu, kisha akairudisha mfukoni. "Mgonjwa huyo hana mazungumzo," akasema.

Walipopeleka spana kwenye bolti ya kushoto, haikukaa. Iliteleza, ikazunguka kichwa cha bolti bila kushika. Mwokaji akafuta uchafu kwa kitambaa, akamulika. Kona za kile kichwa zilikuwa zimetafunwa, zimekuwa mviringo, na juu yake kulikuwa na alama za meno.

"Fundi gani anafungua bolti kama anaguguna mfupa?" akasema.

"Mulika ya kulia," Mkunga akasema.

Ya kulia haikuwa na alama hata moja. Nati yake ilikuwa na mstari wa rangi ya njano uliopakwa kiwandani, kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma kilichoishikilia, ili ionekane kama imewahi kuzungushwa. Mstari ulikuwa umenyooka, umefunikwa na vumbi na kutu ya miaka. Nati ile haikuwahi kuguswa tangu gari lilipozaliwa.

Mwokaji alitoka chini ya gari akakaa kwenye gunia lake. Mwaka mzima alikuwa na mshitakiwa wake, na sasa mshitakiwa ameponyoka. Bushi hizi hazikuwa na mwaka mmoja. Zilikuwa zilezile za tangu mwanzo. Wifi hakuziua, wala mikate haikuziua. Zilikuwa zimezeeka tu, kama anavyozeeka kila mtu.

"Fundi kamtapeli mume wangu," akasema, na hasira ikampanda. "Kampokea, kamzungusha, kamrudishia gari kama lilivyokuwa. Nampigia sasa hivi aniambie huyo fundi yuko wapi, twende tukamtoe kitandani."

Akapiga. Mjuzi alipokea kabla simu haijalia vizuri.

"Yule fundi? Ah. Yule wa nyuma ya soko. Lakini nasikia alihama."

"Mwaka jana ulisema yupo karibu na stendi ya mabasi."

"Ndiyo, alikuwa stendi, kisha akahamia sokoni, kisha akahama kabisa. Mafundi hawana makao."

Mwokaji alikata simu. Alipogeuka, alimkuta Mkunga ameketi juu ya tairi, ameshika koleo walilokuwa wakilitumia tangu asubuhi, lile la kwenye sanduku la Mjuzi. Koleo lilikuwa na pengo: jino moja la mdomo wa juu lilikuwa limekatika. Mkunga alirudi chini ya gari, Mwokaji akimmulikia, akalileta polepole mpaka kwenye kichwa cha ile bolti iliyotafunwa, akalipachika. Meno yakaingia kwenye alama zake moja moja, na pale palipokuwa na pengo, bolti haikuwa na alama.

Hapo mambo yakageuka kwa namna ambayo hata wao hawakuitegemea. Mke ndiye aliyeanza kumtetea.

"Labda alikuwa anamsaidia fundi," akasema. "Labda aliazimisha koleo lake."

"Fundi aazime koleo."

"Inawezekana!"

"Wifi." Mkunga aliliweka koleo chini taratibu. "Huyu nimembeba mgongoni. Akiwa mdogo alivunja saa ya baba akairudisha ukutani, mishale ameipanga sawa na saa ya jirani ili isijulikane. Tulikaa siku nzima na saa ya saa nne. Namjua."

"Sasa tufanye nini?"

"Tumalize kazi. Akija, tusiseme tulichokiona. Tuulize kidogo, tungoje. Mimi riziki yangu ni kungoja mtu atoe kilicho ndani."

"Na akikataa?"

"Mficha uchi hazai," akasema Mkunga, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote wawili, ingawa Mwokaji aliacha kucheka mapema.

Kazi ile haikuwa na huruma. Bolti ya kushoto waliipaka mafuta ya kulegeza kutu, wakaingoja, wakaigonga kwa nyundo, wakaipachikia spana ndogo kidogo kwa kuipigilia juu yake kwa nguvu, kisha Mwokaji akaingiza bomba kwenye mpini wa spana na kuning'inia kwa uzito wake wote. Ikalia kwa sauti ya kuudhi, ikazunguka. Ya kulia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiharibu, ilitoka kwa adabu. Wakateremsha mbele ya ekseli kwa jeki, polepole, Mkunga akiangalia mipira ya breki isivutike. Kabla ya kutoa bushi, Mwokaji alichora kwa chaki upande gani matundu ya mpira yanatazama, kwa sababu mpya lazima itazame hukohuko. Kisha wakatumia nondo yenye hesi, yaani mikato ya kupitishia nati, kipande cha bomba na washa nene, kile kisahani cha chuma chenye tundu: unakaza nati, nati inavuta washa, washa inasukuma bushi nje ya nyumba yake kama kizibo. Ilitoka kwa milimita na kwa matusi.

Muda wote huo Mwokaji alikuwa akifanya hesabu nyingine kichwani. Mwaka mzima alikula naye meza moja. Alimsikia akimsema dada yake. Alimwona akitikisa kichwa pale mtaroni, miguu ndani ya matope, akijua. Je, alijua? Na kama alijua hilo, ni nini kingine alichokijua akakinyamazia? Kila alipoizungusha nati alipata swali jipya.

Bushi mpya ya kushoto waliipaka maji ya sabuni ikavutwa ndani ikakaa vizuri. Ya kulia haikuingia. Waliigeuza, wakaipima kwa vidole, wakaiweka juu ya ile ya zamani. Ilikuwa kubwa kwa unene wa ukucha. Muuza vipuri, kwa haraka yake ya kufunga, aliwapa mbili zisizofanana.

"Duka limefungwa," Mwokaji akasema.

"Na mimi kesho alfajiri nina watu."

Hapo ndipo Mjuzi alipoingia uani. Aliona gari limenyanyuliwa, ekseli inaning'inia, bushi mbili za zamani zimewekwa juu ya gunia kama meno yaliyong'olewa. Aliona pia kwamba hakuna aliyemsalimu kwa kelele.

"Mgonjwa anaendeleaje?" mkewe akauliza.

"Nani? Ah. Afadhali."

"Fundi wako hakubadilisha hizi," Mkunga akasema, bila kupandisha sauti.

Mjuzi alishika kiuno, akazitazama. "Duh! Angalia binadamu. Angalia binadamu alivyo! Nilimwamini kabisa yule. Mimi nilikaa hapo kwenye benchi lake namwona na spana." Aliongea kwa muda, na kadiri alivyoongea fundi alizidi kupata sura: akapata ndevu, akapata kofia, akapata mtoto wa kumletea chai. Wanawake walimsikiliza. Hakuna aliyemkatiza, na mtu asiyekatizwa huishiwa upesi.

"Basi," alisema hatimaye. "Ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo," Mkunga akasema. "Kesho nitaondoka na bushi moja mpya na moja iliyokufa. Hii tuliyouziwa haiingii. Kuna mama wa mapacha kule mteremkoni, hangoji duka lifunguliwe. Nitaendesha polepole. Si ndivyo ulivyonifundisha? Akili, si haraka."

Alisema hivyo bila kejeli, na bila kumtazama. Alikuwa akiifuta mikono yake kidole kimoja kimoja.

Mjuzi aliitazama ile bushi ya zamani ya kulia. Akamtazama mkewe, na mkewe hakukwepesha macho. Alipoona koleo lake limelala peke yake katikati ya gunia, kando ya bolti iliyotafunwa, uso ulimbadilika. Aliingia ndani. Walisikia kiti kikivutwa, kisha kitu kikiburutwa juu ya kabati la chumbani. Alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa vumbi, akaufungua mbele yao. Ndani yake kulikuwa na bushi mbili, mpya, bado zina karatasi zake.

Aliziweka juu ya gunia, kando ya zile za zamani.

"Nilizinunua," alisema. "Nilitaka kuzifunga mwenyewe. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimeelewa kila kitu. Bolti ikakataa. Nikaitia koleo, ikaharibika. Nikaogopa. Nikapaka grisi, nikakaza nilichoweza kukaza, mlio ukapungua. Nikasema nitamtafuta fundi wiki ijayo."

"Wiki ijayo," mkewe akasema.

"Kisha mama akanisifu pale mezani. Nikashindwa kurudi nyuma."

"Na mtaroni?" Mkunga akauliza. Sasa alikuwa akimtazama. "Siku ya mtaroni ulijua?"

Mjuzi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue hakupata la kusema. Aliitikia kwa kichwa.

"Kile kichanga nilikikuta chini ya kiti," Mkunga akasema. "Kilikuwa kimeteleza kutoka mikononi mwa mama yake. Nikakigeuza hivi, nikangoja kilie. Hujui kungoja kule ni kurefu kiasi gani. Halafu ukaja wewe ukaniambia baiskeli. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama mikono yangu imezeeka. Nilishaanza kufikiri niache kazi, mdogo wangu. Si gari. Kazi."

Mjuzi alianza kulia, na Mwokaji, ambaye angeweza kumsogelea, hakusogea.

"Usilie hapo," Mkunga akasema. "Lala chini. Shika tochi."

Akalala chini na shati lake la kutokea. Aliishika tochi huku wao wakiivuta bushi ya kulia ndani, ile aliyoinunua mwenyewe, na ikaingia bila ubishi. Walipandisha ekseli, wakapitisha bolti, ya kushoto wakiifunga kwa mpya waliyoikuta kwenye masazo ya mashine ya unga, ya ukubwa uleule na chuma kigumu zaidi. Mjuzi akataka kukaza nati palepale. Mwokaji akamzuia mkono. "Bado. Gari likanyage kwanza. Ukikaza likiwa juu, mpira unajipinda siku ya kwanza." Wakarudisha matairi, wakalishusha juu ya mbao nene, likabeba uzito wake, ndipo wakakaza. Mjuzi hakusema kwamba alikuwa akilijua hilo.

Jioni ileile, kabla jua halijazama, Mkunga alimpakia Mjuzi kiti cha mbele akampeleka kwa mama yao, naye akasema yote mezani, mbele ya kitambaa kilekile. Mama yao alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alimgeukia binti yake, si mwana, akamwomba radhi, kwa sababu naye alikuwa amewaambia majirani kwamba yule binti yake wa kwanza macho yamepungua. Mwisho wa wiki uliofuata Mjuzi alikwenda kwa mzazi wa kile kichanga akasema hayohayo. Alitukanwa mlangoni na bibi wa mtoto, akasimama akatukanwa mpaka bibi akachoka.

Kati ya mawifi, mambo yalikuwa mepesi zaidi. Kila mmoja alijua alichokuwa akimsema mwenzake, hivyo hawakuambiana. Mkunga alianza tena kupita barabara kuu, aliyokuwa akiikwepa tangu siku ya mtaroni.

Lakini Mwokaji hakupata usingizi mwepesi kama wao. Usiku wa Jumapili ile, Mjuzi alipoingia kuoga, mkewe alisimama katikati ya nyumba yake na kuitazama kama nyumba ya kupanga. Swichi ya sebuleni: ilikuwa "imetengenezwa na fundi." Paa la choo lilipovuja: "fundi alipita ukiwa dukani." Aliingia chumba cha kuokea, akamulika nyuma ya tanuri, pale bomba la gesi linapoungana na tanuri. Miezi michache nyuma lilikuwa likinuka, na Mjuzi akasema limeshughulikiwa.

Alimngoja mlangoni mwa bafu.

"Bomba la gesi," akasema. "Nani alilifunga?"

Mjuzi alijifuta uso kwa taulo, muda mrefu kuliko uso ulivyohitaji. "Mimi," akasema. "Lakini hilo nililifunga vizuri. Naapa."

Mwokaji akaenda akafunga gesi kwenye mtungi. Kesho yake maduka hayakupata mkate. Fundi wa gesi na umeme alikuja, wa kweli, mwenye karakana inayojulikana, akapaka maji ya sabuni kila kiungo, akatazama kama kuna povu. Hakukuwa na povu. Alisema aliyelifunga amelifunga sawasawa, hana la kurekebisha.

Mjuzi, aliyekuwa amechelewa kwenda kazini makusudi, alisimama pale akimtazama mkewe.

"Asante, fundi," Mwokaji akasema. "Ukimaliza chai, kuna swichi ya sebuleni."